Alama zimeshuka, sawa, ila nani kazishusha? Kupima matokeo ya tiba ya mazungumzo bila kujidanganya

Tuseme kuna dereva wa watalii hapa Arusha, anakaa Sakina, kaja kuonana na mwanasaikolojia mwezi wa nne, katikati ya masika. Usiku halali, chakula hakipandi, nyumbani kila kitu ni ugomvi, na kuna mambo yanamzunguka kichwani ambayo hata kaka yake hajamwambia. Anajazishwa PHQ-9, fomu ya maswali tisa ya kupima dalili za huzuni kali (sonona), ambayo alama zikiwa juu ndo hali mbaya, anapata 18. Anaanza sesheni kila wiki na anakuja vizuri tu. Mwezi wa saba, katikati ya safari mbili, anapita tena ofisini anajaza fomu ile ile, anapata 7. Mtaalamu anafurahi, mteja anashukuru, na kama ni taasisi inayokula pesa za wafadhili basi hiyo inaingia kwenye ripoti moja kwa moja, mteja kapona.

Sasa mtu yeyote aliyekaa Arusha anajua mwezi wa nne ni nini na mwezi wa saba ni nini. Mwezi wa nne ni lo sizoni, mvua, tope, wageni hakuna, gari limepaki, kikoba wanadai marejesho na ada ya watoto ilibaki nusu. Mwezi wa saba jamaa yuko Serengeti na wageni, nyumbu wanavuka mto Mara, tipu inaingia kwa dola. Kwa hiyo kilichoshusha alama ni mazungumzo ya kila wiki au ni hai sizoni? Kwa hizo namba mbili peke yake huwezi kujua, na huo ndo ugumu wa hii mada yote, ukiuelewa hapo mengine yanafuata.

Na sizoni ni sababu moja tu. Watu hawaendi kwa mwanasaikolojia wakiwa na nafuu, wanaenda maji yakishafika shingoni, tena huku kwetu mpaka wawe wamepita kwa mchungaji, kwa shangazi, na wengine kwa mganga. Mtu ukimpima siku ambayo yuko chini kuliko siku zake zote, basi siku yoyote nyingine utakayompima kuna uwezekano mkubwa atakuwa na nafuu kidogo hata kama hujamfanyia chochote, manake hali ya mtu inapanda na kushuka na wewe umemkuta ikiwa imeshuka. Watu wa takwimu wanaiita kurudi kwenye wastani na imeshaumbua tafiti nyingi tu. Afu kuna muda wenyewe. Mwaka 1952 Hans Eysenck, mwanasaikolojia wa Uingereza, alichafua hali ya hewa kwa kusema theluthi mbili hivi ya watu wenye shida za wasiwasi na huzuni wanapata nafuu ndani ya miaka miwili watibiwe wasitibiwe, sasa hizo tiba zenu zimeongeza nini? Namba zake zilikosolewa sana, na kwa haki, ila swali lilikuwa zuri na lilisukuma watu waanze kupima kwa kulinganisha, aliyetibiwa na ambaye hajatibiwa. Ilipofika 1977 Mary Lee Smith na Gene Glass wakakusanya tafiti 375 wakazichambua kwa pamoja, ikaonekana mtu wa wastani aliyepata tiba yuko vizuri kuliko asilimia 75 hivi ya wale ambao hawakupata. Kwamba kwa ujumla wake tiba ya mazungumzo inasaidia, mimi hilo sibishani nalo. Swali la huku chini ni jingine kabisa: inamsaidia huyu aliyekaa mbele yako leo?

Mfano wa karibu tunao, tena hauna haja ya kwenda Ulaya. Kuna utafiti ulifanyika Moshi na Bungoma, Kenya, matokeo yakachapishwa 2020, watoto 640 wa miaka 7 mpaka 13 waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili, wenye dalili za kuumizwa na yaliyowapata. Nusu walipata tiba ya vikundi iliyoendeshwa na washauri wa kawaida wa mtaani waliopewa mafunzo, sio madaktari, na nusu nyingine wakaendelea na ile misaada ya kawaida wanayopewa yatima. Tiba ilipoisha, watoto wa vikundi walikuwa vizuri zaidi ya wenzao Bungoma mjini, Bungoma vijijini na Moshi mjini, Moshi vijijini tofauti haikuonekana. Mwaka mmoja baadaye Bungoma tofauti bado ipo, ila Moshi, mjini na vijijini, makundi mawili yamelingana. Na sio kwamba watoto waliotibiwa walirudi nyuma, hapana, wale wengine nao walipata nafuu wakawafikia. Fikiria kungekuwa hakuna kundi la kulinganisha: kila mtu angeona alama za watoto wa Moshi zimeshuka na angeandika kwamba ni kazi ya vikundi asilimia mia. Mimi huwa nikiona ripoti ina picha nzuri na grafu inayoteremka swali langu la kwanza ni hilo, mmelinganisha na nani.

Sasa tuingie kwenye fomu yenyewe maana wengi wanaiogopa au wanaiamini kupita kiasi. PHQ-9 ilitoka 2001, ni ya bure, ndo maana imesambaa dunia nzima. Inauliza wiki mbili zilizopita umesumbuliwa mara ngapi na vitu tisa: kukosa hamu, huzuni, usingizi, uchovu, kula, kujiona hufai, kushindwa kutuliza akili, kuwa mzito au kuhangaika mpaka watu wanaona, na la tisa ni mawazo ya kufa au kujidhuru. Kila swali ni 0 hadi 3, hapana kabisa ni 0 na karibu kila siku ni 3, jumla inaishia 27. Ukianzia 5 wanasema dalili ni kidogo, 10 za kati, 15 zinaelekea kuwa kali, 20 kali. Ya wasiwasi ni dada yake, GAD-7, maswali saba, mwisho 21.

Shida ni kwamba namba inachezacheza. Mtu yule yule ukimpa fomu Jumatatu asubuhi baada ya usiku mbaya na ukampa tena Alhamisi, unaweza kupata tofauti ya pointi mbili tatu na hakuna chochote cha maana kilichobadilika. Mwaka 1991 Jacobson na Truax waliweka utaratibu ambao mpaka leo ndo unatumika, wanauliza maswali mawili. Kwanza, mabadiliko ni makubwa kuliko kuchezacheza kwa kawaida kwa kipimo? Pili, mtu ametoka upande wa wagonjwa akaingia upande wa watu wenye afya njema? Kwenye huduma za umma za tiba ya mazungumzo za Uingereza, kwa PHQ-9 wanataka alama zibadilike angalau 6 ndo wakubali kuna kitu kimetokea, na mstari wa kuvuka ni 10.

Weka watu wawili. Mama mmoja kaanza na 11 kamaliza na 9. Kijana mmoja kaanza na 24 kamaliza na 14. Ukihesabu waliovuka mstari tu, mama kapona na kijana hajapona. Ukiangalia ukubwa wa mabadiliko, mama alama zake zimechezacheza tu na kijana amepiga hatua kubwa mno, huyu alikuwa hatoki kitandani sasa anaenda kazini na kurudi, ila bado anaumwa. Ripoti inayokupa asilimia moja tu ya "waliopona" inamficha mmoja kati ya hawa wawili, na mara nyingi anayefichwa ni yule aliyekuja na hali mbaya zaidi, yaani yule ambaye kazi kubwa imefanyika kwake. Afu taasisi ikishagundua hilo inaanza kupenda wateja wa 11 na 12. Hakuna anayeamua hivyo kwenye kikao, inatokea tu, wale wa 24 wanaambiwa wasubiri au wanapewa rufaa.

Basi mtu atasema kama namba zina matatizo yote haya si bora tuache, mimi mtaalamu namjua mteja wangu, namuona usoni. Hapo ndo pagumu sasa, kwa sababu macho yetu yanadanganya kuliko fomu. Kuna utafiti wa Marekani wa 2005 ambao wataalamu waliombwa watabiri nani kati ya wateja wao 550 atamaliza akiwa na hali mbaya kuliko alivyoanza. Wakataja watatu. Walioharibikiwa kweli walikuwa 40, na kati ya wale watatu aliyepatia ni mmoja. Na walikuwa wanajua kabisa kwamba kwa kawaida kuna wateja wanaozidi kuwa vibaya, kila mmoja alidhani ni wa mwenzake. Utafiti mwingine wa 2012 uliwauliza wataalamu 129 wajilinganishe na wenzao, hakuna hata mmoja aliyejiweka chini ya wastani, na robo yao walijiona wako kwenye asilimia kumi ya juu. Kihesabu haiwezekani, sio tabia ya wazungu peke yao pia, ukimsikiliza kaunsela yeyote akihadithia kazi zake utasikia wale waliofanikiwa, wale walioacha kuja sesheni ya tatu hawana hadithi.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya: thamani kubwa ya kupima sio kuthibitisha kwamba umeponya watu, ni kukuonyesha mapema nani hapati nafuu. Hapo kupima mwanzo na mwisho hakutoshi, inabidi upime kila sesheni au karibu kila sesheni. Michael Lambert wa Marekani alijenga mfumo mzima kwenye wazo hili, fomu ya maswali 45 inayoitwa OQ-45, mteja anajaza, kompyuta inalinganisha mwenendo wake na wa watu walioanza na alama kama zake, akitoka njiani mtaalamu anapata taa nyekundu. Waliokuwa wanaelekea kubaya wakawa wanaokolewa zaidi mtaalamu akipewa hiyo taarifa. Lakini tusiuze maneno, tafiti nyingi zikichanganywa pamoja faida ya wastani kwa wateja wote inaonekana ni ndogo, iko zaidi kwa hao wanaoyumba, na inategemea sana mtaalamu kuitumia hiyo alama. Fomu inayojazwa mapokezi ikaenda kwenye faili bila mtu kuitazama haimsaidii mtu yeyote.

Kwa ofisi ndogo ya Njiro au Moshi mjini maswali 45 kila wiki hakuna atakayejaza, tuseme ukweli. Kuna kipimo kifupi sana, ORS, mistari minne tu ya sentimita kumi, mteja anaweka alama mahali alipo: yeye mwenyewe, watu wake wa karibu, kazi na jamii, na kwa ujumla. Unachukua rula unajumlisha, mwisho ni 40, na mtu mzima aliye chini ya 25 anafanana na watu wanaotafuta msaada. Dakika moja. Uzuri wake ni mazungumzo yanayofuata: "Mama, wiki iliyopita hapa kwa watu wako wa karibu uliweka huku katikati, leo umerudi mpaka huku mwanzoni, kumetokea nini?" Na hapo ndo unasikia kwamba wifi yake kahamia nyumbani, kitu ambacho asingekisema kwa dakika hamsini nzima.

Sasa mambo ya kwetu. Sisi tumelelewa kujibu salamu kwa wema, mtu anaumwa hoi ukimuuliza habari anakwambia nzuri namshukuru Mungu. Mama wa miaka 60 anaingia, mtaalamu ni binti wa miaka 28 anampa shikamoo, mama anaitikia marahaba mwanangu, halafu huyo binti anamuuliza maswali ya fomu kwa mdomo kwa sababu mama hana miwani. Unategemea aseme nini? Atamwambia binti wa watu kwamba sesheni zake nne hazijasaidia kitu? Alama itashuka kwa heshima tu. Ndo maana kama mtu anaweza kusoma mwache ajaze mwenyewe kabla hajaingia, na kama hawezi basi anayesoma awe mtu mwingine, ila sio dada wa mapokezi akiwa kwenye benchi na watu watano wanasikiliza, hiyo nimeiona na haifai kabisa. Na mwanzoni kabisa mwambie mteja wazi kwamba alama mbaya ni msaada kwako, haikuudhi.

Jambo lingine ni mwili. Kwenye yale maswali tisa, usingizi, uchovu na kula ni vya mwili, na mtu mwenye ujauzito, aliyeanza dawa mpya, mwenye malaria au aliyejifungua juzi atapata alama hapo bila huzuni yoyote. Kinyume chake kuna anayesema kichwa kinamuwaka moto, moyo unaenda mbio, mgongo unamchoma, fomu haina pa kuandika hayo, anatoka na 6 wakati hali yake ni mbaya. Wazimbabwe hili walilifanyia kazi vizuri. Mpango wao wa benchi la urafiki, ule ambao bibi wa mtaani anakaa na mtu kwenye benchi la mbao nje ya kliniki Harare, ulitumia dodoso lililotengenezwa huko huko kwa Kishona, SSQ-14, lenye maswali 14 likiwemo la kuwaza kupita kiasi. Matokeo yalichapishwa 2016, baada ya miezi sita waliokaa na bibi walikuwa na wastani wa 3.81 na kundi la kulinganisha 8.90. Kipimo kiliongea lugha ya watu, kikaweza kuona mabadiliko.

Na swali la tisa lisichukuliwe kama sehemu ya jumla tu. Mtu anaweza kuwa na jumla ya 8, "dalili kidogo", na kwenye la tisa kaweka 2. Hiyo 2 inazungumzwa siku hiyo hiyo kabla hajatoka mlangoni, sio wiki ijayo ukipitia mafaili. Pia elewa kwa nini wengi wanaweka 0, kwa sheria zetu kujaribu kujiua ni kosa la jinai, dini nazo zina neno lake, na ukoo ukisikia ni aibu ya nyumba nzima. Sifuri kwenye la tisa haimaanishi usiulize kwa mdomo.

Mimi binafsi ninachokipenda zaidi ni kupima malengo ya mtu mwenyewe juu ya hizo fomu. Kuna utaratibu wa zamani, wa Kiresuk na Sherman wa 1968, mteja na mtaalamu wanaandika lengo mwanzoni kabisa kwa ngazi tano kuanzia -2 hadi +2, sifuri ikiwa ni kile wanachotegemea. Chukua mama anayeuza nguo soko la Mbuyuni Moshi, tangu mume afariki hafungui meza. Sasa hivi haendi sokoni kabisa, hiyo ni -2. Kwenda siku moja kwa wiki hata kama anasaidiwa kukaa mezani ni -1. Siku tatu kwa wiki ni 0. Siku tano ni +1. Siku tano na amerudi kwenye kikundi chake cha kukopeshana ni +2. Hiyo hata dada yake nyumbani anaiona, haihitaji tafsiri, na mama mwenyewe haoni aibu kusema wiki hii nilienda mara mbili. Udhaifu wake upo, ukiwa mjanja unaweka malengo mepesi ili wote wafike +2, na huwezi kumlinganisha huyu mama na yule dereva wa Sakina. Ndo maana nasema juu ya fomu, sio badala yake.

Tukirudi kwa dereva, ungefanyaje ujue zaidi? Ungempima kila wiki, ukaangalia alama zilianza kushuka lini. Kama zilianza kushuka mwezi wa tano, mvua bado inanyesha na gari bado limepaki, mara tu baada ya ile wiki aliyokaa na mkewe wakaongea madeni, hiyo ina uzito kuliko kama zilikaa 17, 18, 17 mpaka wiki ya safari ya kwanza zikadondoka ghafla. Bado sio ushahidi wa mahakamani lakini ni kitu. Afu ungempima mwezi wa kumi na moja, wageni wakipungua, kabla ya pilikapilika za Desemba ambazo huku kwetu zina presha yake, wanaopanda Moshi kwenda kuhesabiwa na ukoo wananielewa. Na unamuuliza mwenyewe, nini kimesaidia? Watu huwa wanajua zaidi ya tunavyodhani.

Walioacha kuja nao wahesabiwe. Hii ndo sehemu ambayo ripoti nyingi zinapigia chenga, wameanza watu hamsini, wamemaliza ishirini, wastani unatolewa kwa hao ishirini. Walioacha wengine walipona wakaona ya nini nauli, wengine walizidiwa, huwezi kujua. Ukipima kila sesheni angalau una alama yao ya mwisho. Huduma za Uingereza zilizoanza 2008 walipima kila sesheni kwa sababu hiyo hiyo, na waliona kwamba watu ambao kwa utaratibu wa mwanzo na mwisho wangekosekana kwenye hesabu walikuwa wamepata nafuu pungufu kuliko waliobaki. Lengo waliloanza nalo lilikuwa nusu ya wanaomaliza tiba wavuke mstari, nusu, na hiyo ni nchi yenye pesa. Kwa hiyo ukikuta kituo hapa mjini kinajitangaza asilimia 95 ya wateja wamepona, uliza waliohesabiwa ni akina nani.

La mwisho ni hizo namba zinakaa wapi. Taarifa za afya ni taarifa nyeti kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, lakini bado kuna watu wanapiga picha fomu yenye jina wanarusha kwenye grupu la WhatsApp la ofisi. Tumia namba badala ya jina, orodha ya majina ifungiwe kabatini kwingine. Na anayelipia, awe mwajiri, mume au kanisa, akija kuomba "alama zake tuone maendeleo", hizo ni za mteja, mpaka yeye mwenyewe aseme toa.